Maswali ya Wasomaji: Mwaka wa Kaburi na Majina Yaliyoruka

SWALI: Kaburi la babu yetu huko Pate limeandikwa mwaka 1123 wa Hijria. Wazee hujumlisha 622 wakapata 1745. Shajara ya nyumbani, yaani orodha ya ukoo, ina majina sita tu, kuanzia yeye hadi baba yangu aliyezaliwa 1955. Tuhakiki vipi? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Hesabu ya wazee imezidi kwa miaka 34. Mwaka wa Hijria una siku 354 hivi, hivyo 622 haiongezwi moja kwa moja. Zidisheni 1123 kwa 0.97, ndipo muongeze 622: ni 1711. Lakini kwanza hakikisheni tarakimu. Jiwe la matumbawe hulika, na tatu ya Kiarabu ikipoteza jino husomeka mbili. Kama mwaka umeandikwa pia kwa maneno, yaaminini maneno: huanza mamoja, makumi, mamia, kisha elfu. Pigeni picha saa moja asubuhi, jua likilala ubavuni. Brashi ya waya na chaki ni mwiko. Huharibu maandishi yasirudi tena.

Sasa shajara. Tuseme alifariki na miaka 60, basi alizaliwa karibu 1650. Hadi 1955 ni miaka 305. Majina sita ni hatua tano, yaani kila baba awe amezaa akiwa na miaka 61, watano mfululizo. Haiyumkiniki. Kwa wastani wa miaka 30 kwa kizazi, tarajieni majina kumi na moja. Mara nyingi kosa ni la mnakili: mjukuu hupewa jina la babu, mlolongo ukawa Omari bin Ali bin Omari bin Ali, na jicho likaruka kutoka Omari mmoja hadi mwenzake.

Jazeni mkianzia kwa walio hai kwenda juu. Tafuteni hati za wakfu na mirathi kwa kadhi, na madai ya mashamba yaliyoandikishwa Pwani chini ya sheria ya hati za ardhi ya 1908. Ulizeni kwa jina la shamba pia, kwani la mtu huandikwa kwa namna nyingi. Mirathi ina thamani ya pekee: hutaja mabinti na madada walioachwa na shajara, na ukoo wa shemeji huenda ukawa na nakala kamili zaidi. Pengo lisilojazika liacheni wazi.

Barua za Kiswahili za Kilwa zilizohifadhiwa Goa, India, huanzia 1711, lakini ni za watawala na Wareno. Msizianzie hizo.