Mdomo na sauti visipokutana: kwa mnaoanza kuhariri video

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa sendofu. Nilirekodi kwa simu kwa muda wa karibu saa mbili, nikahariri usiku kucha, nikapeleka. Kesho yake mwenye shughuli akanipigia: "Kijana, mbona mama anaongea kama filamu iliyotiwa maneno ya Kiswahili?" Nikafungua faili. Kweli, mama wa binti yuko kwenye nasaha, mdomo umeshafungwa, ndipo sauti inasema "ukamtunze mwenzio".

Nikafanya kosa ambalo nawe huenda ukalifanya. Niliivuta sauti yote ianze mapema mpaka mama akakaa sawa, nikapeleka tena. Mwisho ukawa mzuri, ila mwanzoni, MC alipokuwa akikaribisha wageni, sauti sasa ikawa inautangulia mdomo.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, tazama mwanzo, katikati na mwisho. Tazama midomo kwenye neno lenye m, b au p, kama "bibi" au "mpambe", maana hapo lazima midomo ikutane. Makofi nayo yanafaa.

Kama pengo ni lile lile kote, shukuru. Fungua faili kwenye VLC, programu ya kuchezea video, na kama unatumia Windows, bonyeza J au K: kila mbonyezo unasogeza sauti milisekunde 50. Hesabu mibonyezo mpaka mdomo ukae, kisha nenda kwenye programu yako ya kuhariri usogeze sauti kwa kiasi hicho hicho. VLC yenyewe haibadilishi faili, inakupimia tu.

Pengo linalokua ndilo gonjwa lenyewe, na kwa video za simu chanzo mara nyingi ni fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda video. Umeiambia simu irekodi fremu 30 kwa sekunde, lakini taa za ukumbi zikipunguzwa, simu nyingi hushusha idadi ili picha isiwe giza. Programu ya kuhariri isiyojua hilo inazipanga zote kana kwamba ni 30 tupu. Picha inakimbia, sauti inabaki nyuma, na kila dakika deni linaongezeka. Ndiyo maana MC alikuwa salama na mama akaumia.

Fungua faili kwenye MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za ndani ya faili. Ukiona neno Variable kwenye mstari wa Frame rate mode, usilipeleke kwenye kuhariri hivyo hivyo. Lipitishe kwanza HandBrake, programu ya kubadili fomati za video, uweke 30 na uchague Constant Framerate. Inakula muda, hasa kwa laptop kama yangu ya zamani, lakini ukiruka hatua hii utailipa baadaye.

Angalia pia 30 na 29.97, ambazo wengi huziona ni kitu kimoja. Video ya saa moja ya fremu 30 ina fremu 108,000. Zicheze kwa 29.97, picha inarefuka kwa sekunde 3.6 huku sauti ikibaki na urefu wake.

Kukata vipande kuna ugonjwa wake. Njia ya haraka, ile ya kukata bila kubadili chochote ndani ya faili, inategemea fremu kamili, yaani zile zisizohitaji fremu nyingine ili zionekane. Kati ya moja na nyingine zinaweza kupita hata sekunde kadhaa. Ukikata katikati, sauti inaweza kuanza pale ulipotaka, picha ikaganda au ikaanza kwingine. Sogeza mkato mpaka kwenye fremu kamili, au kubali kipande kitengenezwe upya.

Na kama kamera yako inagawa rekodi ndefu kila inapofika GB 4, unganisha vipande kwanza ndipo ubadili fomati. Sauti ya AAC, fomati ya sauti iliyomo kwenye video nyingi, huhifadhiwa kwa mafungu ya takriban milisekunde 21, hivyo kila kipande kinachobadilishwa peke yake kinaweza kutoka na mabaki kidogo ya sauti. Kwa kipande kimoja husikii. Ukishaunganisha kumi na tano, bibi harusi ameshafunga mdomo ndipo "ndiyo" inasikika.