Nyumba ya wavulana: bibi atanie, mama acheze

Ukiwa na watoto watatu na wote wa kiume, watu wa Dar es Salaam wanakupa pole. Kliniki, kwenye daladala, hata dukani kwa Mangi utasikia: "Hujapata wa kike? Sasa nani atakusaidia kazi?" Wengine wanakushauri ujaribu wa nne, kana kwamba mimba ni tiketi ya bahati nasibu. Jibu langu nimeshalikariri: vyombo wanaosha hawa hawa, na wanaovivunja ni hawa hawa.

Mkubwa wangu ana miaka 9, wa kati 6, kitindamimba 4. Tunaishi Mbagala, vyumba viwili na sebule, na ua mdogo tunaochangia na jirani mwenye kuku. Kuku wale wameshajifunza kukimbia mapema.

Nilichojifunza ni kwamba nyumba ya namna hii haiendeshwi kwa kelele. Kelele wanazo nyingi kuliko wewe, utashindwa tu. Inaendeshwa kwa mchezo na utani, ila hivyo ni vitu viwili tofauti na kila kimoja kina mwenyewe. Mzazi acheze na wanawe. Kutania, kule kwa kumchokoza mtu mpaka acheke au anune, tuwaachie waliopewa kazi hiyo tangu zamani: bibi, babu na mabinamu.

Nianze na kuoga, maana ndiko ugomvi wa nyumba nyingi unakoanzia. Mtoto wa miaka sita anaweza kushinda kwenye tope tangu mchana, lakini ukimtajia maji ya kuoga anakwambia ana baridi. Dar es Salaam hii, mwezi wa pili, ana baridi! Siku hizi simwambii mtu akaoge. Jioni nasimama mlangoni na kanga begani, napiga ukuta kofi mbili: "Bafuni, bafuni, bafuni! Wa bafuni mbele, siti zipo!" Wanatoka walikojificha. Mkubwa anakuwa suka, anashika mfuniko wa sufuria kama usukani. Kitindamimba ni konda kwa sababu ana sauti ya kutisha. Mimi ni abiria mkorofi. Konda ananiambia, "Bimkubwa, sogea nyuma kuna nafasi," na nyuma yangu ni ukuta. Nauli ya gari letu ni nguo chafu, inalipwa kwenye beseni kabla ya kufika kituoni. Kwa hiyo gari likifika bafuni abiria wote wako tayari, na mimi sijapandisha sauti.

Mambo yaliharibika kidogo baba yao alipompandisha wa kati mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni. Mabasi yale yapo tangu 2016, lakini kwake ilikuwa kama yameletwa wiki ile ile. Alirudi na sheria mpya: mwendokasi hayana konda, tiketi inakatwa dirishani kabla hujaingia, na basi halisimami ovyo. Tukaweka dirisha la tiketi kwenye mlango wa jikoni. Konda akawa amepoteza ajira, akalia kilio cha kweli. Ikabidi tumpe utrafiki, naye akatusimamisha kila baada ya hatua mbili kukagua leseni. Siku hiyo tulioga saa mbili usiku, na maji yalikuwa yamepoa kabisa.

Hakuna ujanja mkubwa hapo. Mtoto wa umri huo hana ugomvi na maji. Anachogombania ni kuachishwa mchezo. Ukiuacha mchezo uingie naye bafuni, hana cha kukataa. Kuna siku nimechoka, sitaki kuwa abiria wa mtu. Nawaambia wazi kwamba leo gari bovu, tunatembea kwa miguu. Wanaelewa, ingawa mmoja atadai arudishiwe nauli.

Jambo la pili ni gereji. Baba yao alipotelewa na ndala ya kushoto, akaitafuta chini ya vitanda na kumshuku mbwa wa watu. Ilikuja kuonekana ikiwa imeshakatwa magurudumu manne ya gari la boksi la juisi. Ya kulia nayo haikukaa sana, maana walipanga kutengeneza lori, na lori, kama mkubwa alivyomweleza baba yake kwa upole, lina matairi zaidi. Baba akafoka. Kisha akaligeuza lile gari, akalitazama chini, akasema ekseli imepinda. Hapo nikajua leo hakuna atakayechapwa. Walikaa wote wanne barazani wakibadilisha ekseli kwa vijiti vya mishikaki mpaka chakula kikapoa.

Ushauri wangu kwa mwenye wavulana: usingoje wakuchagulie cha kukata. Tenga boksi moja, liite gereji, weka ndala zilizokatika, vizibo vya soda, waya, vijiti vya mishikaki na maboksi ya kila aina. Kisu na wembe havilali gereji, vinakuja na mtu mzima na kuondoka naye. Gari la plastiki la dukani likivunjika wanalia. Hili la ndala likivunjika wanalifungua, na nusu saa imepita hujasikia "Mama, huyu kanipiga."

Mpira hauhitaji ushauri, wanaujua kuliko sisi. Niseme tu jambo moja. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, watu walizungumza sana kuhusu mazingira na wafanyabiashara. Sikusikia mtu akiutaja mpira wa chandimu, na sisi tuliokua miaka ya tisini tunajua mpira ule ulikuwa rambo tupu zilizosokotwa na kufungwa kamba. Wanangu wanatengeneza wa soksi na matambara. Ndiyo maana nyumbani kwetu hakuna soksi yenye mwenzake, na mkubwa anakwenda shule na moja nyeupe na moja ya kijivu akisema ndiyo mtindo.

Chandimu inaleta Simba na Yanga. Baba yao ni Yanga damu. Mkubwa alitekwa na mjomba wake akiwa na miaka mitatu, akavishwa jezi nyekundu, na hakurudi tena. Klabu moja ni ya 1935, nyingine ya 1936, na tangu hapo Wabongo wamekuwa wakitaniana bila kuhitaji sababu nyingine. Siku ya dabi ya Kariakoo nyumba yetu ina sheria yake: timu ya nani imefungwa, yeye anaosha vyombo na anaitika jina atakaloitwa, Utopolo kwa Yanga au Kolo kwa Simba, mpaka taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ikigonga saa mbili, utani umekufa, hakuna kufufua. Huu ndio utani pekee ninaoukubali kati ya baba na mwana, kwa sababu kinachochekwa ni timu, si mtoto.

Mwaka mmoja mkubwa alifungwa akalia. Mjomba wake akamwambia mwanaume halii. Mjomba huyo huyo, timu yake ikipoteza, anasusa kula, na ugali wake hutolewa mezani kama ulivyokuja. Sasa sijui kulia na kususa ugali kipi kina uanaume zaidi. Mtoto alie kidogo, anawe uso, aoshe vyombo.

Mieleka nayo wataipigana, upende usipende. Tandika godoro chini, isiwe mara baada ya kula, na wafundishe neno moja: "basi". Mtu akisema basi, mikono inaachia hapo hapo, hata kama ulikuwa unashinda. Hata baba akisema basi, na yeye ndiye anayelisema mara nyingi zaidi.

Sasa bibi. Mama mkwe wangu ni Mpare wa Same, mimi ni Mchaga, kwa hiyo hata kabla hajafika mlangoni utani wa makabila umeshatangulia. Akija na gunia lake la mahindi na maharage ya makande, wa kwanza kusalimiwa ni kitindamimba: "Mume wangu hujambo? Umeniachia nini cha matumizi tangu nilipoondoka?"

Wajukuu wa kiume wakubwa wanajua kwamba bibi ni mke wao wa utani. Huyu mdogo, mara ya kwanza, aliliamini jambo hilo kabisa. Akaingia ndani, akatoka na andazi aliloliuma upande mmoja, akamkabidhi. Bibi akalipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akauliza, "Na mboga?" Mtoto akafikiri sana. Akaenda kuomba kwa baba yake, akaleta sarafu ya 200. Bibi akashika kiuno: "Mia mbili! Mume gani huyu? Nitarudi kwetu Same leo leo, basi la jioni." Mtoto akamjibu, "Nauli huna."

Sijawahi kumwona mwanamke yule akicheka namna ile. Na ndicho ninachokipenda katika utani wa bibi: unamfundisha mtoto kuchokozwa bila kupigana, na kujibu bila kutukana. Anayeweza kumjibu bibi yake kwa maneno mawili ya kuchekesha hatarusha ngumi shuleni kwa sababu ameitwa kichwa kikubwa. Mimi siwezi kumpa somo hilo. Nikimwambia mimi mama yake kwamba yeye ni mume asiyefaa, au mchafu, au mlafi, halitakuwa utani hata nikicheka. Neno la mama linabaki kichwani na kuaminiwa. La bibi lina ruhusa, kila mtu anajua ni mchezo, na yeye mwenyewe baadaye atampa kipande kikubwa cha nyama.

Kwa hiyo ukiwa na wazazi au wakwe walio hai, waite, au wapeleke watoto likizo. Ikishindikana, simu ya video inatosha kwa ugomvi wa matumizi. Mama mkwe wangu anapiga Jumapili kudai mahari yake aliyocheleweshewa.

Na mipaka iwepo. Kwetu hatutanii umbo la mtu, hatutanii kigugumizi, na hatutanii kitanda kilicholoa. La mwisho ninalisema kwa mkazo, kwa sababu sisi tulikulia mitaa ambayo kikojozi aliimbiwa na kundi zima la watoto huku akitembezwa na mkeka wake, na watu wazima wakicheka barazani. Mtoto wa miaka minne au mitano kukojoa kitandani ni kawaida, na wavulana huchelewa kuacha kuliko wasichana. Kumfanya achekwe na mtaa mzima hakumkaushi. Mwamshe akojoe kabla nanyi hamjalala, tandika nailoni, asubuhi anika godoro bila hotuba. Akivuka miaka saba bado, au alikuwa ameacha akaanza upya, mpeleke kwa daktari. Bibi naye nilimwomba jambo hili asiliguse, akanielewa mara moja, pengine kwa sababu baba yao naye ana historia ndefu ambayo sikupaswa kuijua.

Umeme ukikatika wengine wanalaani, sisi tunatoka na mkeka. Mkubwa anaanza: "Kitendawili!" Wengine: "Tega!" Akatega ile ya kale, nyumba yangu haina mlango. Jibu ni yai, kila mtu anajua. Wa kati akasema, "Duka la Mangi likifungwa." Tukabishana muda mrefu, tukaona amejibu sawa. Wakishindwa wanapaswa kutoa mji, na hapo ndipo raha ilipo, maana mkubwa hapokei mji wowote tu. Walimpa Dodoma akakataa, iko mbali. Wakampa Kibaha, akauliza ina bahari? Mwisho akachukua Tanga, akawapangisha wadogo zake vyumba.

Msiwape vitendawili vya vitabuni tu, waacheni watunge. Wa kati alitega: "Nikimwita haji, nikifungua biskuti anakuja." Jibu lilikuwa mdogo wake, ambaye wakati huo huo alikuwa anauliza biskuti ziko wapi.

Nimalizie jikoni, kwa wale wanaouliza nani atanisaidia kazi. Jumapili tunapika chapati. Mkubwa anakanda na anasukuma vizuri kuliko mimi nilivyoweza katika umri wake. Wa kati anakata maumbo: gari, samaki, herufi za jina lake. Gari linakaangwa bila matairi kwa sababu matairi huliwa mabichi na trafiki. Jiko la gesi nawasha mimi na mafuta namimina mimi, mkubwa anageuza nikiwa nimesimama pembeni. Ukiamua kujaribu, ongeza nusu kilo ya unga juu ya ule mnaohitaji, maana sehemu yake itaishia kwenye nywele, na funika ndoo ya maji ya kunywa kabla hujamkabidhi mtu kibao cha chapati.