Kuzima taa ya diski ngumu: inawezekana, ila ina kazi yake

Ndugu, nimeelewa kwamba taa ya diski ngumu inayomemeta usiku inakukosesha usingizi, na ungependa kujua kama unaweza kuizima bila kuidhuru kompyuta na kama ina faida yoyote. Unaweza, kwa sababu diski haiitegemei taa hiyo kwa lolote.

Ikiwa ni kompyuta ya mezani, izime, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha, kisha uguse chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Kwa kawaida, kwenye ukingo wa chini wa ubao mama (bamba kuu la saketi ndani ya kasha) utaona kundi la pini ndogo zilizochomekewa nyaya nyembamba. Tafuta plagi iliyoandikwa HDD LED, yaani taa ya diski ngumu, na uichomoe taratibu kwa kushika plagi yenyewe, si waya. Piga picha kwanza, maana plagi ya swichi ya kuwashia iko jirani kabisa, na ukiichomoa hiyo, kitufe cha kuwashia hakitafanya kazi. Kompyuta ya mkononi usiifungue, hasa ikiwa bado ina dhamana. Bandika kipande cha utepe mweusi juu ya taa.

Hata ya mezani, mimi ningeifunika tu. Skrini inapoganda, taa inayomemeta hukuonyesha kwamba diski bado inafanya kazi na kwamba inafaa kusubiri, kwani kukata umeme wakati data inaandikwa kunaweza kuharibu mafaili. Ikiwaka mfululizo kwa muda mrefu ilhali hujafungua programu yoyote nzito, au ukisikia diski ikigongagonga, nakili data zako mapema na umwone fundi.