Plazma baridi inauaje bakteria bila kuyeyusha plastiki?
Mkuu, plazma ni gesi iliyopitishiwa umeme hadi elektroni zikachomoka kwenye atomu zake; katika plazma baridi, kinachokuwa na joto kali ni elektroni hizo tu. Gesi yenyewe hubaki karibu na joto la chumba, ndiyo maana plastiki yako haiyeyuki. Elektroni hizo hugonga oksijeni, nitrojeni na mvuke wa maji hewani, zikazaa ozoni, oksidi za nitrojeni na haidroksili (chembe kali ya oksijeni na haidrojeni). Hizo ndizo hutoboa utando wa bakteria na kuharibu protini na DNA yake.

Wengi huharibu kwenye usafi. Plazma haipenyi mafuta wala damu iliyokauka. Vijidudu vya chini vinabaki salama kabisa. Osha kwa sabuni, suuza, ndipo uwashe kifaa cha plazma. Sogeza kichwa cha kifaa karibu, maana haidroksili huisha njiani, haifiki hata sekunde moja. Spora (hali ya usingizi yenye ganda gumu) za bakteria wa Bacillus ni sugu, ziongezee muda. Ukisikia harufu kali kama ya mashine ya fotokopi, hiyo ozoni: fungua madirisha.