Neno "renew" halina tafsiri moja

Dada, umeuliza utumie neno gani moja kwa "renew" katika tangazo la chama chenu hapo Kisumu. Neno moja halipo. Usilitafute.

Kwa leseni, watu wa boda pale Kondele wanasema "kurinyuu" na maisha yanaendelea. Kwenye maandishi, andika kuhuisha. Neno hili ni ndugu wa "hai", maana yake kukipa kitu uhai, na Watanzania wamelizoea ofisini kuliko sisi Wakenya. Mkataba wa nyumba ni rahisi zaidi: mnauongeza muda, au mnaandikiana upya. Kitabu cha maktaba hakifanywi kipya hata kidogo, kinabaki na kurasa zake zilizokunjwa. Wewe ndiye unayeongezewa siku za kukaa nacho. Maharusi wa zamani wanarudia viapo. Mapigano yanazuka upya.

Jihadhari na kufufua. Niliwahi kuandikia kikundi kimoja cha akina mama Nakuru, "Fufueni uanachama wenu kabla ya Ijumaa." Mama mmoja akanipigia jioni hiyohiyo: "Mwanangu, kwani nani amekufa?" Urafiki uliopoa unaweza kuufufua, au mradi uliolala. Uanachama unaoisha Desemba haujafa bado.

Kwa tangazo lenu ningeandika hivi: "Wanachama wote walipe ada ya mwaka ili uanachama wao uendelee." Neno lenyewe limetoweka, lakini hakuna atakayeuliza pesa ni za nini.