Jibu: Kuweka simu kwenye sidiria

Dada, umeuliza kama simu unayoibana kwenye sidiria ukiwa sokoni inaleta saratani. Haijathibitishwa. Mwaka 2011 taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani iliyaweka mawimbi ya redio yanayotoka kwenye simu kundi la "huenda yakasababisha", basi. Hayana nguvu ya kuvunja DNA, yaani vinasaba vya mwili, kama eksirei. Ila ukaribu na mwili una maana. Mwaka 2023 Ufaransa ilisimamisha uuzaji wa iPhone 12: ikiwa mkononi au mfukoni mwa suruali nguvu ya mawimbi inayonyonywa na mwili ilipimwa wati 5.74 kwa kila kilo ya mwili, kikomo kikiwa 4. Simu nyingi ukipiga *#07# zinakuonyesha kipimo chake. Na mtandao ukisumbua, simu hutuma kwa nguvu zaidi. Mimi ningeitoa kifuani leo hii, niiweke kwenye mkoba.