Maswali ya Wasomaji: Rangi ya Buluu Kwenye Ekzosi ya Kromu

SWALI: Ndugu Mhariri, pikipiki yangu ina silinda mbili, kabureta mbili na mabomba mawili ya ekzosi yaliyopakwa kromu. Bomba la kulia limekuwa manjano hafifu karibu na injini, lakini la kushoto limegeuka zambarau, kisha buluu iliyokolea, na rangi hiyo inazidi kushuka chini. Nilisugua kwa polishi ikatoka, lakini baada ya safari chache ikarudi. Mwenzangu mmoja ananishauri nitumie msasa laini, na mwingine anasema nizungushie mabomba utepe wa kuzuia joto. Nifuate ushauri wa nani?

JIBU: Ndugu msomaji, usifuate wa yeyote kati yao kwa sasa. Jambo zito katika barua yako ni kwamba mabomba mawili ya pikipiki moja, yanayokwenda safari zile zile, yamepata rangi tofauti, na kwa hiyo uchunguzi uanzie kwenye silinda ya kushoto kabla hujagusa tena kopo la polishi.

Rangi unayoiona si uchafu. Kromu inapopata joto kali, hewa huijengea utando mwembamba sana wa oksidi, na mwanga unaoakisiwa na uso wa juu wa utando huo hukutana na ule unaoakisiwa na uso wake wa chini, hivyo baadhi ya rangi hufifia na nyingine hujitokeza, kama inavyotokea tone la mafuta linapotandaa juu ya maji. Kadiri joto linavyozidi na kudumu, ndivyo utando unavyoongezeka unene: huanza manjano, ikaja kahawia, zambarau, na hatimaye buluu. Chuma kitupu kilichosafishwa huanza kuwa manjano kwenye nyuzi 220 hivi za Selsiasi na hufika buluu karibu na nyuzi 300. Kromu huvumilia joto kubwa zaidi, lakini mfuatano wa rangi ni ule ule. Kwa hiyo umanjano wa bomba lako la kulia ni wa kawaida kabisa, hasa ikiwa bomba lina ukuta mmoja, na mimi nisingejisumbua nao. Mabomba yenye kuta mbili huficha joto hilo ndani, ndiyo maana hubaki meupe kwa muda mrefu.

Sasa tuirudie silinda ya kushoto. Sababu inayotokea mara nyingi ni mchanganyiko wenye hewa nyingi na petroli kidogo. Fungua plagi zote mbili, uziweke bega kwa bega, uzitazame kwenye mwanga mzuri: ikiwa ncha ya plagi ya kulia ina rangi ya kahawia hafifu na ya kushoto ni nyeupe kama iliyooshwa, umekwisha kupata ushahidi wa kutosha kwamba silinda hiyo inakosa petroli. Chunguza basi mpira unaounganisha kabureta na silinda, kwa maana mipira hiyo hukauka na kupasuka nyufa ndogo zisizoonekana mpaka uikunje kwa vidole. Ukinyunyiza maji ya sabuni kidogo kwenye mpira huo injini ikiwa inanguruma taratibu, na mngurumo ukabadilika ghafla, ujue hewa inapenya hapo. Wapo wanaofanya jaribio hili kwa kupuliza dawa ya kusafishia kabureta. Dawa hiyo hushika moto upesi na bomba lenye joto liko karibu, hivyo nakusihi usiitumie. Mpira ukiwa mzima, jeti za kabureta ya upande huo, yaani vijitundu vinavyopitisha petroli, zikaguliwe, kwa kuwa chembe moja ya uchafu inatosha kuziba tundu lake.

Iwapo mchanganyiko uko sawa, mwombe fundi apime nafasi ya vali ya kutolea moshi. Vali iliyobanwa mno haifungi sawasawa, na gesi yenye moto huvuja na kuingia kwenye bomba. Atazame pia gasketi iliyo kati ya bomba na injini. Masizi meusi yaliyotapakaa kwenye kiungo hicho ni dalili ya kuvuja. Mabomba yote mawili yangekuwa ya buluu, ningekuambia umuulize kwanza kuhusu taimingi, yaani wakati cheche ya plagi inapotokea, kwa sababu cheche inayochelewa huacha petroli ikiendelea kuungua wakati vali ya kutolea moshi inafunguka. Vilevile ningekuuliza kama umebadilisha ekzosi au chujio la hewa bila kurekebisha kabureta.

Chanzo kikishaondolewa, ndipo usafishe. Subiri bomba lipoe kabisa, lioshe kwa maji na sabuni, likaushe, kisha utie polishi ya kromu kidogo kwenye kitambaa laini na kusugua bila kukandamiza, ukianza na sehemu isiyoonekana. Msasa uukatae moja kwa moja, hata ule laini kuliko yote. Tabaka la kromu mara nyingi halifiki unene wa mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na chini yake ndiko kuna nikeli. Ukiona mahali panaanza kuwa na wekundu-manjano usiotoka kwa polishi, acha kusugua, maana huenda umeifikia nikeli, na hapo hapana tiba isipokuwa kupaka kromu upya. Ule utepe nao hufungia joto ndani ya bomba na kushika unyevu, na kromu iliyo chini yake huharibika huku kasoro ya injini ikibaki pale pale.

SWALI: Nimenunua ekzosi mpya ya kromu. Je, kuna la kufanya kabla ya kuwasha injini?

JIBU: Lipo, na ni rahisi. Futa bomba lote kwa kitambaa safi chenye spiriti, kwa sababu alama za vidole na mafuta ya kiwandani huungua na kuacha madoa ya kudumu. Subiri spiriti ikauke yote ndipo uwashe. Baada ya hapo usiiache pikipiki ikinguruma muda mrefu imesimama, wala usipige resi papo hapo. Upepo wa mwendo ndio unaolipoza bomba.

SWALI: Soli ya kiatu changu imeyeyuka na kugandia kwenye bomba. Nitaiondoaje bila kukwaruza?

JIBU: Lipashe bomba joto kidogo kwa kuiwasha injini kwa muda mfupi, uzime, kisha ubandue mabaki kwa kipande cha mti au plastiki ngumu ukiwa umevaa glavu. Kisu na brashi ya waya vikae mbali. Doa litakalobaki hutoka kwa polishi bomba likishapoa.